Harufu ya jana kwenye mwiko wa leo humgharimu mama lishe

Mteja anayekuta harufu ya samaki kwenye uji wa asubuhi mara nyingi hasemi neno. Hunywa nusu kikombe, hulipa, na kesho yake huhamia kibanda cha pili. Katika eneo la Ngamiani jijini Tanga, ambako mitaa hujulikana kwa namba za barabara na ambako vibanda vya chai, uji na chakula cha mchana havikai mbali kimoja na kingine, kuhama huko hakumgharimu mteja chochote. Anayegharimika ni mama lishe, ambaye huona sufuria inabaki na uji bila kujua kosa liko wapi.

Mara nyingi kosa halipo kwenye unga wala kwenye maji. Lipo kwenye mwiko. Mwiko uliokoroga mchuzi wa papa jana mchana ndio uliokoroga uji leo alfajiri. Ni hivyo hivyo kwa kibao kilichokatiwa vitunguu kisha kikakatiwa matunda, au kinu kilichotwanga vitunguu saumu kisha kikatwanga iliki. Mapishi ya pwani ya Tanga yana samaki wabichi na wakavu, nazi, vitunguu na viungo, na karibu yote hayo hupita kwenye chombo cha mti: mwiko, upawa wa mpini wa mti, kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, kibao cha kukatia na kifimbo cha kusukumia chapati.

Dawa zinazotumika zaidi dhidi ya harufu hizo ni sabuni nyingi, kuloweka usiku kucha, au kununua mwiko mpya. Ya kwanza hufanya kazi nusu, ya pili huharibu chombo, na ya tatu ni gharama ambayo mara nyingi ingeepukika. Kumbe kila harufu ina asili yake na ina dawa yake, na dawa zenyewe zinapatikana sokoni au jikoni kwa bei ndogo: ndimu, chumvi, magadi, majivu na jua.

Kwa nini mti hushika harufu

Mti ulipokuwa hai ulipandisha maji kutoka mizizini hadi kwenye majani kwa kutumia mirija midogo isiyoonekana kwa macho. Fundi anapouchonga kuwa mwiko, mirija hiyo haifi. Hubaki wazi, na kila mwiko unapoingia kwenye mchuzi wa moto, maji na mafuta yenye harufu huingia ndani yake. Mwiko unapokauka, maji huondoka lakini vitu vilivyobeba harufu hubaki nyuma. Ukilowa tena, harufu huamka. Ndiyo maana mwiko unaweza kunusa vizuri ukiwa mkavu, kisha ukaharibu uji mara tu unapoingia kwenye sufuria ya moto.

Kwa hiyo, harufu sugu si uchafu wa juu unaoweza kusuguliwa ukaisha. Sabuni na dodoki husafisha uso wa chombo, lakini kilichoingia ndani kinahitaji kitu cha kukifuata huko huko na kukibadilisha. Kabla ya kuchagua kitu hicho, mwenye chombo anapaswa kujiuliza swali moja: harufu hii imetokana na nini?

Samaki: ndimu na chumvi

Samaki wa baharini ana kemikali mwilini ambayo, baada ya kufa, bakteria huigeuza kuwa traimethilamini. Hiyo ndiyo yenye ile harufu kali ya samaki aliyelala. Papa na taa wana jambo la ziada. Miili yao ina urea nyingi, na bakteria huigeuza urea hiyo kuwa amonia. Ndiyo sababu jiko lililopika papa mkavu hujulikana hata na mpita njia.

Traimethilamini na amonia zote mbili ni za upande wa nyongo, kama yalivyo majivu na magadi. Dawa yake ni tindikali. Tindikali ya ndimu, limau au siki huzikamata na kuzigeuza kuwa aina ya chumvi isiyoruka hewani. Kisichoruka hewani hakinuki, na kwa kuwa huyeyuka kwenye maji, husuuzwa kikaondoka. Mpishi wa pwani anayempaka samaki ndimu kabla ya kumkaanga anatumia kanuni hiyo hiyo.

Utaratibu wake ni huu. Kwanza, chombo kioshwe kwa maji ya baridi na sabuni mara tu kazi inapoisha. Maji ya moto yasitangulie, kwa sababu huivisha utomvu na damu ya samaki na kuzigandisha kwenye mti, kama yanavyogandisha ute wa yai. Pili, chumvi inyunyizwe juu ya chombo kikiwa na unyevu, kisha kisuguliwe kwa nusu ya ndimu kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mti, si kwa kukata kambo. Chumvi ya mawe iliyopondwa ni nzuri zaidi kwa sababu chembe zake husugua, na pia huvuta unyevu kutoka ndani ya mti. Tatu, kiachwe kwa muda wa dakika 10 hadi 15. Nne, kisuuzwe kwa maji ya moto na kusimamishwa mahali penye upepo. Harufu ikiwa ya siku nyingi, kazi hiyo irudiwe siku ya pili na ya tatu. Kisichotoka kwa mara moja kinaweza kutoka kwa mara tatu.

Tui lililochacha: magadi au majivu

Harufu ya nazi iliyochacha ni jambo jingine kabisa. Hukaa zaidi kwenye ubao wa mbuzi karibu na meno ya chuma, kwenye miiko ya kupikia wali wa nazi na kwenye vibao vinavyogusa mafuta kila siku. Hapa kinachonuka ni mafuta yaliyovunjika na kuwa tindikali za mafuta. Anayepaka ndimu mahali hapa anaongeza tindikali juu ya tindikali, na hawezi kupata matokeo aliyoyapata kwa samaki.

Mafuta yaliyochacha yanataka nyongo. Kijiko kimoja cha magadi ya kupikia, yaani yale yale yanayolainisha maharage, kikorogwe kwenye kikombe cha maji ya moto na kupakwa kwenye chombo. Yakikosekana, majivu safi ya kuni yaliyochekechwa yanafaa, yakikandwa kwa maji kidogo yawe kama uji mzito. Nyongo hiyo hukutana na mafuta yaliyooza na kuyageuza kuwa sabuni, ambayo huchukuliwa na maji ya kusuuzia. Ndiyo kanuni ya utengenezaji wa sabuni, ila hapa inafanyika ndani ya mti kwa kiasi kidogo.

Dakika 10 zinatosha. Magadi yakikaa muda mrefu huufanya mti kuwa mweusi na kuinua nyuzi zake, chombo kikawa na vinyweleo vinavyokwaruza. Baada ya hapo kisuguliwe kwa kumbi la nazi au brashi ya katani, kisuuzwe vizuri na kukaushwa. Jivu la mkaa uliowashwa kwa mafuta ya taa, plastiki au mbao zilizopakwa rangi lisitumike kabisa.

Vitunguu, viungo na kinu

Harufu ya kitunguu saumu inatokana na kemikali zenye salfa, ambazo nyingine hushikana na mafuta zaidi kuliko maji. Kwa kibao, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, paka magadi yaliyokandwa kwa maji kidogo, suuza, kisha peleka chombo kwenye upepo na jua. Kemikali hizi huruka hewani zenyewe zikipewa nafasi, kwa hiyo muda wa kukauka ni sehemu ya dawa.

Kwa kinu, njia ya zamani bado ni nzuri: kutwanga mchele mkavu au chumvi ya mawe kidogo, kumwaga, na kurudia mpaka unga unaotoka usiwe na harufu. Chembe kavu husugua ukuta wa kinu na kunyonya mafuta yaliyobaki kwenye nyufa ambazo mkono haufiki. Unga huo haufai kuliwa na watu.

Suala hili ni zito kwa wauzaji wa viungo. Milima ya Usambara Mashariki, katika eneo la Amani wilayani Muheza, hutoa iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Thamani ya iliki ipo kwenye harufu yake tu. Mfanyabiashara anayetwanga iliki kwenye kinu kilichotwanga saumu anaishusha bei bidhaa ambayo mkulima aliihangaikia kwa miaka. Muuza kahawa yuko kwenye hatari hiyo hiyo, maana kahawa iliyokaangwa huvuta harufu upesi. Kinu cha kahawa kibaki cha kahawa, na cha saumu kibaki cha saumu.

Makosa yanayorudiwa

Kosa la kwanza ni kuchanganya ndimu na magadi kwa pamoja. Mchanganyiko huo hutoa mapovu mengi, na wengi huamini kwamba mapovu ndiyo usafi. Ukweli ni kwamba tindikali na nyongo vinapokutana huuana, na kinachobaki ni maji yenye chumvi chumvi yasiyo na nguvu ya upande wowote. Chombo chenye harufu mbili, mfano mwiko uliopika papa wa nazi, kitibiwe kwa zamu. Kianze na magadi, kisuuzwe, kikauke, ndipo siku inayofuata kipakwe ndimu.

Kosa la pili ni kutumia dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini. Mti huinywa kama unavyokunywa mchuzi, kisha huitoa kidogo kidogo kwenye chakula. Hatari huwa kubwa zaidi inapochanganywa na ndimu au siki, kwa kuwa hutoa gesi ya klorini inayounguza macho na mapafu. Mchanganyiko huo usifanywe kabisa, hasa ndani ya jiko lisilo na dirisha.

Kosa la tatu ni kuloweka usiku kucha. Mti huvimba ukiwa ndani ya maji na hunywea unapokauka. Kuvimba na kunywea kwa mara nyingi huleta nyufa, na kila ufa ni ghala jipya la harufu. Kwa njia hiyo mwenye chombo anayetafuta usafi anajitengenezea tatizo kubwa zaidi.

Kosa la nne ni kufukiza kwa udi au ubani. Watu wa pwani hufukiza mavazi na nyumba, na hilo lina nafasi yake. Kwenye mwiko, hata hivyo, moshi hufunika harufu ya samaki kwa muda bila kuiondoa, na uji utakuwa na harufu mbili badala ya moja.

Tofauti ya kunuka na kuwa na vijidudu

Chombo kisichonuka si lazima kiwe salama. Ndimu huondoa harufu ya samaki, lakini isichukuliwe kuwa dawa ya kuua kila kijidudu kilichotoka kwenye nyama au kuku mbichi. Kibao cha nyama mbichi kitengwe na kibao cha kachumbari, na baada ya kuoshwa kwa sabuni kimwagiwe maji yanayochemka.

Hata hivyo, hofu kwamba chombo cha mti ni kichafu kuliko cha plastiki haina msingi mkubwa. Mwaka 1994, watafiti Nese Ak na Dean Cliver wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio ya vibao vya kukatia. Bakteria waliowekwa juu ya mti waliingia ndani na baada ya muda hawakuweza kupatikana tena juu ya kibao. Plastiki mpya ilikuwa rahisi kuosha, lakini plastiki iliyojaa alama za kisu ilikuwa ngumu kusafisha kwa mkono. Mti unaokauka vizuri kati ya kazi moja na nyingine unaweza kuaminika jikoni. Mti usiokauka hauwezi.

Masika ndiyo mtihani

Kukauka huko ndiko kugumu katika mji wa pwani. Hewa ya Tanga ina unyevu mwaka mzima, na wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mwiko ulioachwa kwenye beseni lenye mfuniko huweza kuota ukungu kwa siku chache. Harufu ya ukungu ni ya uvundo. Dawa yake ni kusugua kwa siki, kusuuza na kukausha kabisa. Doa jeusi lililoingia ndani ya mti halitoki kwa kusugua juu.

Vyombo visimamishwe au vitundikwe ili hewa ipite pande zote. Ubao wenye matundu uliopigiliwa ukutani unatosha. Jua la kaskazi ni kali, na chombo kilicholowa kikianikwa humo mchana kutwa hupasuka. Ni bora kianze kivulini penye upepo, kisha kipate jua la asubuhi au la alasiri kwa muda mfupi.

Mara moja kwa mwezi, chombo kikavu kipakwe mafuta ya nazi kidogo yaliyopikwa vizuri yasiyo na mabaki ya tui, na yafutwe yakabaki membamba. Mafuta hayo hukaa kwenye mirija na kupunguza nafasi ya mchuzi kuingia. Mafuta ya nazi hayachachi upesi kama ya alizeti, ili mradi yasiwe na maji wala machicha.

Hesabu yake

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao kila mfanyabiashara anaweza kuubadilisha kwa tarakimu zake. Mama lishe anauza kifungua kinywa cha shilingi 1,000 kwa mteja. Akipoteza wateja 3 kwa siku kwa sababu ya uji wenye harufu, kwa siku 26 za kazi amepoteza mauzo ya shilingi 78,000. Kama robo ya mauzo ndiyo faida, faida iliyopotea ni shilingi 19,500 kwa mwezi.

Upande wa pili, ndimu 4 kwa wiki kwa shilingi 100 kila moja ni shilingi 1,600 kwa mwezi. Chumvi na magadi tuweke shilingi 1,400. Jumla ni shilingi 3,000. Akiongeza mwiko wa pili wa shilingi 3,000 ili wa samaki usiguse uji tena, mwezi wa kwanza ametumia shilingi 6,000, na miezi inayofuata shilingi 3,000. Ili miiko isichanganywe na msaidizi, kila mpini uwekewe alama kwa msumari wa moto: mstari mmoja kwa samaki, miwili kwa uji na chai. Alama ya moto haifutiki kwa kuosha kama ya rangi.

Fundi na mwenye duka nao wamo

Sehemu ya tatizo huanza kabla mwiko haujafika jikoni. Mwiko uliochongwa kwa mti mbichi huja na harufu ya utomvu wake, na ukikauka jikoni hupasuka. Fundi anayekausha magogo yake taratibu kivulini, huku ncha zikiwa zimezibwa kwa nta au rangi ili zisikauke kabla ya katikati, huuza chombo kinachodumu. Mti mgumu wenye nyuzi zilizobanana hunywa mchuzi kidogo. Msaji, ambao umepandwa katika shamba la miti la Longuza wilayani Muheza, una mafuta ya asili yanayozuia maji. Msonobari, unaopandwa Shume wilayani Lushoto, ni mzuri kwa ujenzi, lakini ni laini na una ulimbo wenye harufu. Haufai kwa mwiko wa mchuzi. Mabaki ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa yasichongwe chombo cha chakula hata yakitolewa bure.

Mwenye duka naye achunge rafu zake. Mti mkavu huvuta harufu hata hewani. Miiko mipya iliyopangwa karibu na mafuta ya taa, sabuni ya unga au ng'onda itafika kwa mnunuzi ikiwa imeharibika tayari, na mnunuzi atamlaumu fundi. Itundikwe peke yake, mahali pakavu. Duka linalouza mwiko linaweza pia kuuza ndimu, magadi na chumvi kwa mnunuzi yule yule, pamoja na maelezo mafupi ya namna ya kuvitumia.

Wakati wa kuacha

Chombo ambacho harufu yake imeshindikana baada ya zamu tatu za dawa sahihi kiparwe. Watu wa pwani walitumia majani ya mti wa msasa, ambayo hukwaruza kama ulimi wa paka, kulainisha mbao kabla karatasi ya dukani haijachukua jina hilo hilo. Tabaka jembamba likiondolewa, mara nyingi harufu huondoka nalo. Baada ya hapo chombo kioshwe, kikauke na kipakwe mafuta.

Lakini mwiko wenye ufa unaoingiza ukucha, kibao chenye doa la ukungu lililozama au mchi uliooza kwenye ncha havina faida tena. Kuvibakiza kwa kuwa vilinunuliwa kwa fedha ni kuendelea kuzilipia fedha hizo kila asubuhi kwa wateja wanaoondoka. Vipelekwe kwenye moto wa kuni, na jivu lake, likiwa safi, likawekwe kwenye kopo kwa ajili ya ubao wa mbuzi.

Kwa atakayeanza leo, kazi ya kwanza haigharimu hata senti. Ni kumwagia mwiko maji ya moto, kusubiri kidogo, na kuunusa kabla ya kuutia kwenye sufuria. Ukinuka samaki, chukua ndimu. Ukinuka mafuta yaliyochacha, chukua magadi. Ukinuka uvundo, chukua siki na uutafutie upepo.